Mpiga gita bora: mwenye hisia au mwenye ubunifu?

Ndugu msikilizaji, na wewe msomaji unayekutana nasi kupitia safu hii, wiki hii tunaweka kando mambo ya siasa na bei za vyakula, tuzungumze muziki. Chanzo cha mazungumzo haya ni barua ya kijana mmoja anayejifunza kupiga gita. Anasema mwalimu wake amemtaka achague njia moja mapema: ama awe mpigaji wa hisia, ama awe mpigaji wa kuvumbua mambo mapya, kwa kuwa hisia na ubunifu haviivi katika chungu kimoja. Kijana anauliza kama ni kweli, na kama ni kweli, achague nini.

Swali hili si geni. Popote wapenzi wa muziki wanapokusanyika utasikia mpigaji fulani akisifiwa kuwa anapiga kwa moyo, na mwingine akiambiwa ana vidole vyepesi lakini hana roho. Mara nyingi hukumu hiyo hutolewa haraka, bila aliyeitoa kueleza hisia hasa ni nini, wala ubunifu hasa ni nini. Kwa hiyo leo nimechagua wapigaji wawili wa muziki wa roki ambao watu hupenda kuwaweka pande mbili za mzani huo. Mmoja ni Mwingereza, Brian May wa kundi la Queen. Wa pili ni Eddie Van Halen, aliyezaliwa Uholanzi na kukulia Marekani, ambaye kundi lake lilibeba jina la ukoo wake. May husifiwa kwa hisia, na Van Halen kwa ubunifu. Tuwatazame wote wawili kwa makini, kisha tuone kama mzani huo unasimama.

Kwanza tuelewane kuhusu chombo chenyewe. Gita la umeme peke yake halina sauti kubwa. Nyuzi zake ni za chuma, na chini ya nyuzi hizo kuna vinasa sauti, yaani sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba mara maelfu. Uzi ukitikisika juu ya sumaku, umeme mdogo huzaliwa ndani ya waya, ukapita kwenye amplifaya, ukatoka kwenye spika ukiwa sauti. Mkono wa kushoto hubana nyuzi shingoni ili kuchagua sauti, na mkono wa kulia huchokoa nyuzi ili zilie. Magita mengi ya roki yana pia mkono mdogo wa chuma unaolegeza au kukaza nyuzi zote kwa pamoja, sauti ikayumba kama ya mtu anayelia au anayecheka. Kumbuka mkono huo mdogo, maana tutaurudia.

Brian May alizaliwa mwaka 1947, kando ya jiji la London. Alipofikia umri wa miaka 16 alitaka gita la umeme la Kimarekani kama yale aliyoyaona kwa wakubwa, lakini fedha nyumbani haikutosha. Baba yake, Harold May, alikuwa mtu wa michoro ya mitambo ya elektroniki na fundi hodari wa vitu vya nyumbani. Mwezi Agosti mwaka 1963 baba na mwana walianza kujenga gita lao wenyewe, kazi iliyochukua karibu miaka miwili.

Shingo ya gita hilo ilichongwa kwa mkono kutoka kwenye mbao ya zamani iliyokuwa juu ya meko ya nyumba, yenye umri wa zaidi ya miaka 100. Mbao hiyo ilikuwa na matundu ya wadudu, na kijana aliyaziba kwa njiti za kiberiti. Sehemu ya kiwiliwili ilitoka kwenye meza kuukuu. Springi zilizoshikilia ule mkono wa kuyumbisha sauti zilitoka kwenye injini ya pikipiki ya zamani, mkono wenyewe ulitokana na kifaa cha kubebea mfuko wa baiskeli, na ncha yake ilikuwa kipande cha sindano ya kufumia ya mama yake. Gita hilo, linaloitwa Red Special kwa rangi yake nyekundu, ndilo alilopigia karibu katika kila santuri ya Queen. Badala ya kile kipande cha plastiki ambacho wapigaji wengi hutumia kuchokolea nyuzi, May hutumia sarafu ya zamani ya Kiingereza ya peni sita. Sarafu haipindi, na ukingo wake wenye meno hukwaruza uzi kidogo kabla ya sauti kutoka. Ndiyo maana noti zake husikika kama zimeanza na herufi, mithili ya mtu anayetamka neno.

Hapa pana jambo linalotugusa sisi wa pwani hii. Mwimbaji ambaye May alimpigia gita kwa miaka yote ile alizaliwa Unguja. Freddie Mercury, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Farrokh Bulsara, alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946, akapelekwa India kusoma, na mwaka 1964 familia yake ikahamia Uingereza, katika mji wa Feltham. Kumbe Brian May naye aliishi Feltham huko huko, mitaa michache tu kutoka nyumba ya akina Bulsara, na wala hawakujuana. Walikutana baadaye wakiwa vijana wa vyuo, na Queen ikaundwa mwaka 1970.

Sasa ubunifu wa May, ambao mara nyingi hausemwi kwa sababu hauonekani kwa macho. Wale wanaojua kwaya watanielewa kwa urahisi. Kwaya ina sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne, kila moja na njia yake, na utamu unatoka pale zinapoungana. May aliamua kufanya hivyo kwa gita. Akiwa studio alipiga sauti ya kwanza ikanaswa kwenye mkanda, mkanda ukarudishwa nyuma, akapiga sauti ya pili juu yake, kisha ya tatu, na kuendelea, hadi gita moja likawa kundi zima. Sikiliza kipande kifupi kiitwacho "Procession" katika albamu ya pili ya Queen ya mwaka 1974, utadhani ni bendi ya maandamano. Katika wimbo "Good Company" wa mwaka 1975 alikwenda mbali zaidi: akaiga bendi ya jazi ya kizamani, na kile unachodhani ni klarineti, tarumbeta na tromboni, vyote ni gita lake, likipita kwenye amplifaya ndogo ambayo mpiga besi wao, John Deacon, aliiunda kwa vipuri alivyookota kwenye takataka. Si ajabu kwamba katika majalada ya albamu zao kadhaa za miaka ya 1970 Queen waliandika wazi kwamba humo hakuna sintesaiza. Walijua watu wasingeamini.

Kwa hiyo mtu anayesema May ni mpigaji wa hisia tu, asiye na uvumbuzi, hajasikiliza vizuri. Tumwache hapo kwanza, twende kwa mwenzake.

Eddie Van Halen alizaliwa Amsterdam mwaka 1955. Baba yake, Jan, alikuwa Mholanzi mpiga klarineti na saksafoni, na mama yake, Eugenia, alitoka Indonesia, iliyokuwa koloni la Uholanzi. Mwaka 1962 familia ilihamia Pasadena, California. Eddie mwenyewe alisimulia baadaye kwamba walifika Marekani wakiwa na dola 50 hivi na piano. Baba, mwanamuziki wa kulipwa, ilimbidi aoshe vyombo na kufagia majengo, na mama akafanya kazi za ndani kwa watu. Watoto hawakujua Kiingereza, na kwa damu yao ya mchanganyiko walionja ubaguzi shuleni. Eddie alisema watoto wazungu walimwonea, na watoto weusi ndio waliomtetea.

Nyumbani ilikuwa piano, na mama alitaka wanawe wawe wapiga piano wa muziki wa kale wa Ulaya. Eddie alishinda mashindano, lakini noti za kwenye karatasi hakuzisoma sawasawa. Alisikiliza, kisha akapiga alichokisikia. Baadaye alinunua ngoma, akawa anazilipia kwa kusambaza magazeti, na wakati yeye yuko barabarani na magazeti, kaka yake Alex akawa anazipiga hadi akamzidi. Ndipo Eddie akachukua gita la Alex.

Naye, kama May, hakuridhika na magita yaliyokuwa madukani. Gita la Gibson lilikuwa na sauti nene aliyoipenda, na gita la Fender lilikuwa na ule mkono wa kuyumbisha sauti, ila sauti yake aliiona nyembamba. Alitaka vyote viwili kwenye chombo kimoja. Akanunua kiwiliwili cha gita chenye kasoro kwa dola 50 na shingo kwa dola 80, akang'oa kinasa sauti kutoka kwenye gita la Gibson, akakitumbukiza kwenye nta iliyoyeyushwa ili kisipige kelele amplifaya ikifunguliwa sana, akakifunga ndani ya kiwiliwili kile. Akakizungushia utepe wa kubandika na kukipulizia rangi, kikatoka na mistari iliyokatana ovyo. Gita hilo watu waliliita Frankenstein, kwa kuwa lilikuwa limeungwa kwa viungo vya wafu. Baadaye alilipigilia hata sarafu ya robo dola ya mwaka 1971, kama kabari ya kuzuia daraja la nyuzi lisilale upande. Mmoja anachokolea nyuzi kwa sarafu ya Kiingereza, mwingine anapachika ya Kimarekani kwenye mbao. Sarafu za thamani ndogo, lakini zilifanya kazi ambayo gita la bei kubwa halikuweza.

Tarehe 10 Februari 1978 kundi la Van Halen lilitoa albamu yake ya kwanza. Ndani yake kulikuwa na kipande cha gita tupu kiitwacho "Eruption", chenye urefu wa dakika 1 na sekunde 42. Hakikupangwa kuwamo. Eddie alikuwa akijinoa vidole studio, wenye studio wakamsikia, wakawasha mkanda. Wapiga gita waliokisikia mara ya kwanza hawakuelewa kinachofanyika. Wengine walidhani ni kinanda, wengine mkanda ulioharakishwa.

Alichofanya ni hiki. Nilisema mkono wa kushoto hubana shingoni na wa kulia huchokoa. Eddie aliuleta mkono wa kulia nao shingoni, kidole chake kikawa kinaugonga uzi mbele ya vidole vya kushoto, kikiugusa na kuuachia. Kwa hiyo uzi mmoja ulitoa sauti zilizo mbali mbali sana kwa kasi ambayo mkono mmoja hauwezi kuifikia. Ni mchezo wa mtu aliyelelewa kwenye piano, ambako mikono yote miwili hutafuta sauti. Haki itendeke: hakuwa wa kwanza kabisa. Steve Hackett wa kundi la Genesis alifanya hivyo mapema miaka ya 1970, na wapo wengine kabla yake. Lakini kabla ya Eddie ilikuwa mbwembwe ya hapa na pale. Yeye aliifanya kuwa lugha.

Sasa turudi kwenye ule mkono mdogo wa kuyumbisha sauti, kwa sababu hapa wanaume hawa wawili, wasiojuana, mmoja London na mwingine California, walikutana na tatizo lile lile. Mpigaji akilegeza nyuzi kwa mkono ule kisha akauachia, nyuzi hukwama kwenye vijifereji zinamopita, hazirudi zilipokuwa, na gita linapoteza tyuni. May alilitatua kwa kupunguza msuguano: akaweka daraja la nyuzi lenye vigurudumu vidogo, na akalisimamisha bamba la springi juu ya ukingo mwembamba wa chuma kama wa kisu. Eddie naye mwanzoni alipaka mafuta kwenye vijifereji, baadaye akatumia kifaa cha Floyd Rose kinachozifunga nyuzi kwa skrubu pande zote mbili ili zisiteleze kabisa. Kwa nini wahangaike kiasi hicho? Kwa sababu walitaka gita liweze kufanya kile ambacho koo la binadamu hufanya, kuyumba na kurudi, bila kupotea njia. Walivumbua kwa kuwa walikuwa na jambo la kusema, na chombo kilichokuwepo kiliwakatalia.

Baada ya vyombo, tusikilize solo mbili, yaani ile sehemu ambayo mwimbaji hunyamaza gita likashika usukani. Nimechagua zile ambazo hata asiyependa roki amezisikia, kwa sababu zimo ndani ya nyimbo zilizozunguka dunia nzima.

Ya kwanza ni ya May katika "Bohemian Rhapsody" ya mwaka 1975. Freddie anaimba habari ya kijana aliyeua mtu, anayemweleza mama yake na kumuaga. Uchungu unapofika juu kabisa, mwimbaji anaachia na gita linapokea. Wapigaji wengi hapo wangeurudia wimbo ule ule kwa nyuzi. May hakufanya hivyo. Alitunga wimbo mwingine mpya, unaoweza kuimbwa kwa mdomo, akaupiga polepole, noti ndefu zikipanda na kukaa juu kabla ya kushuka. Ni kana kwamba yule kijana amekosa maneno na kilichobaki ni kilio chake. Mwishoni kabisa noti zinateremka kwa haraka, na ghafla tumo katika sehemu ya kiigizo, ambako kijana anahukumiwa. Ukiiondoa solo hiyo, hadithi inapungukiwa.

Ya pili ni ya Eddie katika "Beat It" ya Michael Jackson, katika albamu ya Thriller iliyotoka mwishoni mwa mwaka 1982. Mtayarishaji Quincy Jones alimpigia simu, na Eddie mwanzoni alidhani ni mtu anayemtania. Alipofika studio aliomba kwanza mpangilio wa muziki chini ya sehemu yake ubadilishwe, kisha akapiga solo mbili, na moja ikachaguliwa. Hakudai malipo. Wimbo wenyewe unamshauri kijana aepuke ugomvi wa mtaani, aondoke, asione haya kuitwa mwoga. Sasa sikiliza gita linapoingia. Linagonga, linapiga kelele, linaanguka ghafla chini kabisa na kupanda tena, halina subira, halitulii. Maneno ya wimbo yanasema ondoka, na gita linakuonyesha kile unachokikimbia. Ugomvi wenyewe umo ndani ya sekunde zile 30 hivi. Asiyejua Kiingereza hata neno moja anaweza kuelewa kwamba hapo pana hatari.

Je, hiyo si hisia? Hapa ndipo ninapoona mwalimu wa kijana wetu amejikwaa, na si yeye peke yake. Watu wengi wanaposema hisia katika muziki wana maana ya huzuni tu. Noti ikiwa ndefu na polepole, na ikikufanya uwakumbuke marehemu, wanasema huyu anapiga kwa moyo. Noti zikiwa nyingi na za haraka, wanasema huyu anaonyesha ujuzi. Lakini furaha nayo ni hisia. Hasira ni hisia. Utundu wa mtoto aliyegundua mchezo mpya na hawezi kukaa nao peke yake, hiyo nayo ni hisia, na ndiyo iliyojaa katika muziki wa Eddie Van Halen. Mtazame katika picha za video za maonyesho yake: karibu muda wote anatabasamu.

Nakubali kwamba lawama dhidi ya ufundi wake haikutoka hewani. Baada ya mwaka 1978, na hasa katika miaka ya 1980, maelfu ya vijana walijifungia vyumbani wakajifunza kugonga nyuzi kwa mikono miwili. Wengi walimfikia kwa kasi na baadhi wakampita. Roki ikajaa solo ndefu zinazofanana, ambazo zikiisha hukumbuki hata moja. Hapo ndipo watu walipochoka, wakaanza kusema ubunifu umeua hisia. Lakini waliochosha ni waigaji. Walichukua jibu la Eddie bila kuwa na swali lake. Yeye alikuwa akitafuta namna ya kulifanya gita liwe piano, liwe farasi, liwe injini ya gari. Wao walikuwa wakitafuta namna ya kuwa Eddie.

May hakuigwa kwa wingi namna hiyo, na sababu yake ni rahisi. Kugonga nyuzi kwa vidole unaweza kujifunza wiki chache ukiwa na bidii. Kupanga sauti 10 za gita zikawa kwaya kunahitaji uwe unaisikia kwaya hiyo kichwani kabla ya kushika chombo.

Ndugu msikilizaji, wawili hawa waliwahi kukaa chumba kimoja. Tarehe 21 na 22 Aprili 1983, May akiwa Los Angeles, aliwaalika marafiki studio, akiwemo Eddie, wapige kwa kujifurahisha tu. Ni siku zile zile ambazo "Beat It" ilikuwa ikipanda chati, na mwishoni mwa mwezi huo ikashika nafasi ya kwanza Marekani. Msingi wa mkutano wao ulikuwa wimbo wa kipindi cha televisheni cha watoto ambacho mtoto wa May alikipenda. Matokeo yalitoka mwaka huo huo kwa jina la Star Fleet Project. Humo mna wimbo "Let Me Out", ambamo Eddie anautesa uzi mwembamba kuliko wote hadi unakatika, na mkanda ulikuwa ukiendelea kuzunguka. Mna pia kipande kirefu cha bluzi, karibu dakika 13, kiitwacho "Blues Breaker". Hakukuwa na mpango. Mmoja anapiga, mwingine anajibu. Walikitunuku kwa Eric Clapton, kwa kuwa iligundulika wote wawili walijifunza kwake walipokuwa vijana.

Ukisikiliza kipande hicho unapata jibu bora kuliko maelezo yangu yote. Unaweza kuwatofautisha kwa urahisi: huyu anavuta noti na kuisubirisha, yule anarusha 20 zikianguka kama mvua ya mawe. Lakini kadiri dakika zinavyokwenda, May anachangamka, anaanza kukimbia, na Eddie anatulia na kuzungumza polepole kwa bluzi ya kawaida kabisa. Kila mmoja alikuwa nacho kile ambacho watu humnyima.

Mwaka 1991 uliwaonyesha tena. Freddie Mercury alikuwa mgonjwa sana. Queen walitoa albamu ya Innuendo, na ndani yake wimbo "The Show Must Go On", ambao sehemu kubwa ni kazi ya May, kumwandikia rafiki aliyekuwa akiondoka. Freddie alifariki tarehe 24 Novemba mwaka huo. Mwaka huo huo, tarehe 16 Machi, Eddie alipata mtoto wa kiume, Wolfgang. Katika albamu ya Van Halen ya mwaka huo mna kipande cha gita tupu, tulivu, kisichofika dakika mbili, kinachoitwa "316", yaani mwezi wa tatu tarehe 16. Hakina kasi wala kelele. Ukimpigia mtu asiyejua, usimwambie ni nani, hatasema mpigaji huyu hana roho.

Na wote wawili walikuwa na baba. Harold May aliyechonga gita pamoja na mwanawe ndiye aliyeumia sana mwana huyo alipoacha masomo ya udaktari wa sayansi ya anga kwa ajili ya muziki. May amesimulia kwamba alimwalika baba yake New York kuona Queen wakipiga katika ukumbi wa Madison Square Garden, na hapo ndipo mzee alipoelewa. Mwana alirudi chuoni baadaye, akapata shahada ya uzamivu mwaka 2007. Jan Van Halen naye, yule mpiga klarineti aliyeosha vyombo ugenini, aliitwa studio na wanawe mwaka 1982 akapiga klarineti katika wimbo wa kizamani, "Big Bad Bill". May aliwahi kuitengeneza klarineti kwa nyuzi za gita. Eddie alikuwa nayo ya kweli nyumbani. Jan alifariki mwaka 1986, Harold mwaka 1988, na Eddie mwenyewe tarehe 6 Oktoba 2020, akiwa na miaka 65.

Basi kijana wetu achague nini? Mimi si mwalimu wa gita, lakini kwa kazi yangu nimesikiliza santuri nyingi. Ningemwambia asichague. Ajiulize kwanza anataka kusema nini na kumwambia nani. Kama ni kilio, atafute sauti ya kilio. Kama ni kicheko, vivyo hivyo. Siku atakapokuta kwamba vidole vyake au gita lake haviwezi kulisema jambo hilo, hapo atalazimika kubuni, na ubunifu huo utakuwa na roho kwa sababu umezaliwa na haja. Akianza na mbinu, halafu ndiyo atafute cha kusema, atakuwa fundi mwenye zana nzuri asiye na nyumba ya kujenga.

Na sisi wasikilizaji tuna wajibu wetu. Kabla ya kusema fulani hana hisia, tusikilize mara ya pili, tuulize ni hisia gani anayoileta, maana huenda ni ile tusiyozoea kuisikia katika muziki. Wiki hii, ukipata nafasi, sikiliza zile solo mbili nilizozitaja, moja baada ya nyingine, kisha utuandikie umesikia nini.

Tukutane tena juma lijalo, panapo majaliwa.